Uloto wa ndugu ulikuwepo, tukachagua wake mwenyewe

Kisa hiki ni cha kijana wa Tanga mwenye miaka 29, fundi wa kuchomelea vyuma huko Chumbageni. Aliugua saratani kali ya damu, akapona, ikamrudia, kisha akapandikizwa uloto wake mwenyewe, yaani ile nyama laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, na hali mdogo wake wa tumbo moja alikuwa ameshapimwa na kukutwa analingana naye kwa alama zote. Nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Uamuzi ule uliwashangaza wengi, wakiwemo wenzangu wa wodini, na mpaka leo naulizwa kwa nini uloto mzima wa ndugu uliachwa ukachukuliwa uloto wa mtu aliyekuwa mgonjwa. Mimi, daktari wake wa huku Tanga, naamini ulikuwa uamuzi sahihi, na sababu zake zinaeleweka hata na asiyesomea udaktari.

Alifika akiwa na kitambaa mdomoni. Alikuwa ameng'oa jino, damu haikukata. Miguuni alikuwa na mabaka ya zambarau na hakukumbuka kujigonga popote. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi. Picha kamili ya damu ilionyesha himoglobini 6.1, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, 12,000 ambapo kawaida ni 150,000 na zaidi, na seli nyeupe 1,900 tu. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayodanganya watu. Wengi tumezoea kwamba saratani ya damu ni seli nyeupe kujaa kupita kiasi, na zikiwa chache mawazo yanakimbilia dengue, dawa za kienyeji au virusi. Mtaalamu wa maabara aliyekuwa zamu ya jioni hakuridhika na karatasi ya mashine. Alitengeneza slaidi, akaweka kwenye darubini, akaona seli chache zilizojaa vijiti vyembamba vilivyolundikana kama mzigo wa kuni. Seli za namna hiyo hazimo katika dengue.

Ilikuwa lukemia (ndilo jina la saratani hii ya damu) ya promielositi, tawi moja la lukemia kali ya mieloidi. Kipande cha kromosomu ya 15 na kipande cha kromosomu ya 17 hubadilishana nafasi, jeni mbili zisizohusiana, PML na RARA, zikaungana na kuwa moja, na jeni hiyo mpya huzuia seli changa za damu kukomaa. Hatari yake ya kwanza ni damu kushindwa kuganda. Mgonjwa anaweza kufa kwa kuvuja damu kwenye ubongo ndani ya siku chache, kabla hata jina la ugonjwa halijaandikwa kwenye faili. Ndiyo maana dawa ya tretinoini, jamaa ya vitamini A ambayo wengi huiita ATRA, huanzwa kwa kushuku tu, bila kusubiri majibu ya jeni. Dawa hiyo haikuletwa na kampuni kubwa ya Magharibi. Ilianza kutumika Shanghai mikononi mwa Wang Zhenyi na wenzake, na taarifa yao ya mwaka 1988 kuhusu wagonjwa 24 iliwafanya madaktari wa dunia nzima wageuke. Haiui seli zilizougua, bali inazilazimisha zikomae.

Alipewa damu na plazima, akasafirishwa kwenda Dar es Salaam kwa njia ya Segera na Chalinze, kilomita takriban 350, na dawa ikaanza usiku uleule alipofika. Alitibiwa kwa tretinoini pamoja na daunorubisini, kemikali kali ya kuua seli za saratani. Akapata nafuu kamili: seli mbaya hazikuonekana tena kwenye uloto, damu ikarudi kuwa ya kawaida. Akapangiwa miaka miwili ya vidonge vya kulinda nafuu. Mwaka wa kwanza alivimeza vizuri. Wa pili akaviacha. Mwili ulikuwa na nguvu, nauli ya kliniki ilikuwa sawa na mapato ya siku kadhaa za karakana, na mtu asiyeumwa kuacha kazi akafuate vidonge Dar ni jambo gumu kulidai. Sikumlaumu na simlaumu. Ugonjwa ukarudi. Safari hii ulionekana mapema, chembe sahani zikishuka taratibu, hakuna damu iliyomwagika.

Familia iliuza shamba la minazi upande wa Pangani, ndugu na jamaa wakachanga, akapelekwa hospitali moja kusini mwa India. Kule alitibiwa kwa aseniki, sumu ileile inayotajwa kwenye hadithi za mauaji, ambayo madaktari wa Harbin, China, Zhang Tingdong akiwa miongoni mwao, waligundua tangu miaka ya 1970 kwamba kwa kipimo kidogo inatibu aina hii ya lukemia. Hutiwa kwenye mshipa kila siku kwa wiki kadhaa, huku umeme wa moyo ukipimwa na madini ya potasiamu na magnesiamu yakiangaliwa, kwa sababu aseniki inaweza kuvuruga mapigo. Akapata nafuu ya pili.

Hapo ndipo njia panda ilipotokea. Nafuu ya pili haiaminiki kama ya kwanza, na kwa mtu aliyekwisha kurudiwa mara moja, kumwacha na dawa peke yake ni kumweka pabaya. Akapendekezewa upandikizaji. Mdogo wake, aliyemsindikiza, alikuwa amepimwa alama za HLA, zile zinazoonyesha kama miili miwili inalingana, na ile nafasi ya moja kwa nne ambayo kila ndugu wa tumbo moja anayo ikawa imemwangukia. Nyumbani watu walishukuru Mungu. Walikuwa wamesikia redioni mwaka 2023 habari za Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kupandikiza watoto wenye selimundu kwa uloto wa ndugu zao, na kwao jambo lilikuwa limekwisha: aliye mzima ampe aliye mgonjwa. Kisha ikaja barua ya daktari wa India ikisema: tutatumia uloto wake mwenyewe.

Nilitakiwa kuwaeleza. Walikuja wanne: mama, mjomba, shangazi na kaka mkubwa wa mama mwingine. Mjomba ndiye aliyesema.

"Daktari, mwanangu, mimi si msomi. Lakini nyie mnasema ugonjwa uko kwenye uloto. Sasa mnautoa uloto huohuo, mnauweka kwenye barafu, mnamuua nguvu kwa dawa, halafu mnamrudishia uleule. Si mnamrudishia ugonjwa wake?"

"Mzee, hilo swali lako ndilo madaktari wenyewe walilobishania kwa miaka," nikamwambia, na sikusema hivyo ili kumpamba.

Watu wengi hudhani uloto unaopandikizwa ndio dawa. Kwa anayepewa uloto wake mwenyewe, sivyo. Dawa ni kemikali zinazotiwa kabla yake, kwa kijana huyu busulfani na melfalani, kwa dozi kubwa kiasi kwamba uloto wote hufa pamoja na seli za saratani zilizojificha. Bila kurudishiwa seli mama za damu mtu huyo asingeinuka. Seli zilizohifadhiwa zinamwokoa na dawa, hazimwokoi na lukemia. Anayepewa uloto wa ndugu anapata silaha mbili: dawa, na kinga ya mwili wa ndugu inayoziona seli za lukemia kuwa ngeni na kuzishambulia. Uloto wako mwenyewe hauna silaha hiyo ya pili. Uliwahi kuishi na ugonjwa huo bila kuupiga vita.

Na mjomba alikuwa na haki ya kuhofia uchafu. Mwaka 1993, huko Memphis, Marekani, Malcolm Brenner na wenzake walichapisha jaribio lenye ujasiri wa ajabu. Waliwatibu watoto wenye lukemia kali ya mieloidi kwa uloto wao wenyewe, lakini kabla ya kuurudisha walizipachika baadhi ya seli alama ya jeni. Ugonjwa uliporudi kwa watoto wawili, wakaikuta alama ile ndani ya seli za lukemia. Ubishi ukaisha: uloto uliorudishwa unaweza kubeba mbegu ya ugonjwa. Wengine, Baltimore na Paris, walikuwa wakijaribu kuuosha uloto kwa kemikali kabla ya kuurudisha, lakini uloto uliooshwa ulichelewa kushika, na mgonjwa akakaa muda mrefu bila kinga.

Kwa lukemia kali ya mieloidi kwa jumla, matokeo yalikuwa ya kugawanyika. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 1995 uliwalinganisha waliopata nafuu ya kwanza: baada ya miaka minne, walioishi bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 55 kwa uloto wa ndugu, 48 kwa uloto wao wenyewe, na 30 kwa dawa peke yake. Lakini ukihesabu waliobaki hai, makundi yote yalikaribiana, kwa sababu baadhi ya walioanza na dawa peke yake waliokolewa baadaye kwa upandikizaji. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 haukuona faida ya uloto wa mtu mwenyewe kushinda dawa. Kwa hiyo muuguzi mmoja wa wodini kwetu aliyenishika mkono korido na kuniambia, "Hii si ya mieloma? Muhimbili si walianza nayo mwaka 2021 kwa wagonjwa wa mieloma?" alikuwa na hoja. Mieloma ni saratani nyingine ya uloto, na huko uloto wa mwenyewe una nafasi isiyobishaniwa sana. Kwenye lukemia kali ya mieloidi, madaktari wengi leo wakiwa na ndugu anayelingana watamtumia ndugu.

Lukemia ya promielositi inatoka kwenye kanuni hiyo kwa sababu ya jambo moja: seli zake zote zinabeba ile jeni iliyoungana, PML-RARA, na kipimo cha PCR kinaweza kuitafuta seli moja iliyougua kati ya maelfu kwa maelfu ya nzima. Kwa hiyo swali la mjomba, ambalo kwa aina nyingine nyingi za lukemia hujibiwa kwa kubahatisha zaidi, hapa linajibiwa maabara. Mwaka 1997 Waitaliano walitoa taarifa ya wagonjwa 15 wa promielositi waliopandikizwa uloto wao wakiwa kwenye nafuu ya pili. Saba walikuwa na PCR chanya kabla ya kupandikizwa: wote saba ugonjwa uliwarudia. Wanane walikuwa hasi: mmoja tu ndiye aliyerudiwa. Kundi ni dogo, lakini tofauti kama hiyo haihitaji kuelezwa mara mbili.

Kisha kuna takwimu za Ulaya za mwaka 2005, wagonjwa 122 walio katika nafuu ya pili. Waliopewa uloto wa mtu mwingine walirudiwa na ugonjwa mara chache zaidi kuliko wote, kama ambavyo mtu angetarajia. Lakini asilimia 39 yao walikufa kwa madhara ya upandikizaji wenyewe, wakati kwa uloto wa mwenyewe walikuwa asilimia 6. Baada ya miaka saba waliobaki hai walikuwa karibu asilimia 60 kwa uloto wao wenyewe, 52 kwa uloto wa mwingine, na chini kidogo ya 40 kwa wasiopandikizwa. Upandikizaji wa siku hizi ni salama kuliko ule, na wagonjwa wale hawakugawanywa kwa kura. Hata hivyo mwelekeo wake ni huohuo madaktari wanaoufuata leo: promielositi, nafuu ya pili, PCR hasi, uloto wa mwenyewe.

Mimi niliongeza sababu ya hapa kwetu, ambayo haimo kwenye majarida. Mtu aliyepewa uloto wa ndugu anaweza kushambuliwa na uloto huo: ngozi, utumbo, ini. Hunywa dawa za kushusha kinga kwa miezi, viwango vyake vipimwe kwenye damu mara kwa mara, na homa ndogo ya jioni inaweza kuwa mwanzo wa kifo. Anayekaa Makorora, hapa Tanga, huku kipimo hicho na daktari wa damu vikiwa Dar, anaishi kilomita 350 mbali na msaada wake. Uloto wa mwenyewe nao una hatari, lakini kipindi chake kibaya zaidi huisha mgonjwa akiwa bado kitandani mwa hospitali iliyompandikiza. Kwa familia hii, ambayo kijana wao aliwahi kuacha vidonge kwa sababu ya nauli, hilo lilikuwa na uzito mkubwa kwangu.

Hayo yote yalisimama juu ya neno moja kwenye karatasi ya maabara, na karatasi ya kwanza ilipotoka ilisema: chanya.

Hapa ndipo naona moyo wa kisa hiki ulipo. Chini ya darubini uloto wake ulikuwa safi. Damu yake ilikuwa nzuri. Yeye mwenyewe alikuwa anatembea mpaka dukani kununua embe. Lakini PCR iliona mabaki. Nyumbani fedha zilikuwa zinayeyuka kwenye kodi ya chumba, na mama akanipigia simu usiku: "Daktari, mwambie daktari wa kule amfanyie tu, mwanangu anaonekana mzima." Shangazi akataka achukuliwe mdogo wake, jambo liishe. Timu ya India ikakataa vyote viwili kwa wakati ule. Ikampa mzunguko mwingine wa aseniki na tretinoini, na kumchoma dawa kwenye maji ya uti wa mgongo, kwa kuwa ugonjwa unaorudi unaweza kujificha huko. Wiki zile zilikuwa ngumu kuliko upandikizaji wenyewe, kwa sababu hakuna kilichoonekana kikifanyika. Hata hivyo ndizo zilizoamua matokeo. Kuvuna uloto siku ile ya jibu la kwanza kungekuwa kufanya hasa kile alichokihofia mjomba: kugandisha ugonjwa na kumrudishia.

Kipimo cha pili kikatoka hasi. Wakakirudia, hasi tena.

Kabla ya kuvuna lilibaki jambo ambalo hakuna aliyetaka kulitamka mbele ya mama. Busulfani kwa dozi ile kwa kawaida huondoa uwezo wa kuzaa, na kijana alikuwa ameshapeleka barua ya posa. Dawa za awali huenda zilikwisha kuudhoofisha uwezo huo. Nilimwomba mjomba aongee naye kwa simu, kwa kuwa kwa desturi zetu mjomba ana ruhusa ya kuyasema ambayo baba na mama hawayasemi. Akaongea naye, mbegu zikapimwa na kuhifadhiwa. Ningependa mazungumzo haya yafanyike kwa kila kijana, mwanamume kwa mwanamke, kabla ya dozi ya kwanza ya dawa kali, si mwishoni, ugonjwa ukiwa umesharudi.

Kuvuna hakukuhitaji kuchomwa sindano kwenye nyonga mara nyingi kama zamani. Alidungwa filgrastimu kwa siku chache mpaka seli mama zikatoka kwenye uloto na kuingia kwenye damu, akaunganishwa na mashine inayochuja seli hizo na kumrudishia damu iliyobaki. Zinazohitajika ni angalau milioni mbili kwa kila kilo ya uzito. Alitoa zaidi ya milioni tatu. Mfuko wenyewe nao ukapimwa PCR kabla ya kutegemewa. Hasi. Seli zikahifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Upandikizaji wenyewe nitaupitia haraka. Alipewa dawa, akarudishiwa seli zake kwenye mshipa kama anavyotiwa damu, chumba kikanuka kitunguu saumu kwa sababu ya kemikali inayozilinda seli kwenye baridi. Vidonda vya mdomo vikamzuia kula. Homa ikapanda, akapewa antibiotiki. Siku ya 12 seli nyeupe za kupigana na bakteria zilivuka 500, dalili kwamba seli zimeshika. Chembe sahani zilichelewa zaidi ya mwezi, jambo la kawaida kwa walioanza na lukemia.

Mdogo wake aliumia. Alikuwa amejiandaa, ameacha kazi, na alihisi kwamba damu yake imekataliwa. Aliporudi nilikaa naye. Nilimwambia kwamba majibu yake ya HLA yamewekwa kwenye faili la kaka yake, ukurasa wa mbele, na kwamba ikiwa PCR itageuka chanya yeye ndiye wa kwanza kuitwa, hatutaanza kutafuta. Ndugu anayelingana ambaye hajatumika ni akiba ambayo wagonjwa wengi hawana.

Sasa imepita zaidi ya miaka miwili. Damu yake ilikuwa inapelekwa PCR kila baada ya miezi mitatu, na majibu yote yamekuwa hasi. Chanjo za utotoni amezirudia, kwa sababu kinga yake ilifutwa pamoja na uloto. Anachomelea tena, akiwa amevaa barakoa, na analala ndani ya chandarua bila kukosa.

Kinachonikera ni kwamba huenda haya yote yasingehitajika. Mwaka 2013 Francesco Lo-Coco na wenzake walichapisha jaribio lililowalinganisha wagonjwa wapya wa promielositi wasio na seli nyeupe nyingi, kama alivyokuwa kijana huyu alipofika na kitambaa mdomoni. Waliopewa tretinoini na aseniki tangu mwanzo, bila kemikali kali, asilimia 97 walikuwa bila tukio baya baada ya miaka miwili, dhidi ya 86 kwa mchanganyiko wa zamani. Na mpango huo hauna miaka miwili ya vidonge vya kulinda nafuu vya kuachwa njiani. Kila aseniki inapopatikana kwa mgonjwa wa kwanza, upandikizaji wa namna niliyoieleza unapungua umuhimu, na hilo ndilo ninalolipigania sasa kwenye vikao vya dawa: aseniki iwepo, na vidonge vya tretinoini viwepo Tanga, kwenye kabati letu, ili mgonjwa ameze cha kwanza kabla gari halijawashwa kuelekea Segera.